Kopo la Maharage Kibandani

Ijumaa, 1 Desemba 2017

Tangazo limebandikwa kwenye lifti. Nimelibandika mimi mwenyewe! Mkuu Ban wa ofisi ya majengo kanipa karatasi na gundi, kaniambia nilinyooshe vizuri. Nikalinyoosha. Nikarudi nyuma hatua moja kuona kama limekaa sawa – ndipo nikalisoma.

Kima cha chini cha mshahara kinapanda Januari. Hilo tulilijua. Julai redio ilipotangaza nilimnunulia mke wangu, Mama Hye-rim, kuku mzima wa kukaanga, tukamla mpaka mifupa. Leo yule kuku amenirudia kooni.

Wakazi watapiga kura. Ama walinzi wanne tubaki, kila nyumba iongeze won elfu sita kwa mwezi. Ama tupunguzwe, mmoja mmoja kutoka kila jengo, tubaki wawili, na zifungwe kamera. Elfu sita! Kikombe kimoja na nusu cha kahawa pale dukani ng'ambo ya barabara.

Nimepiga simu kwa wakala wa kazi. Msichana mwenye sauti nzuri. Umri, mjomba? Sabini, Februari. Akasema pole, sabini hawaandiki. Nikasema bado ni Desemba, binti! Akacheka kwa adabu, akakata.

Jumapili, 3 Desemba

Siku ya kutenganisha taka. Chupa huku, makaratasi kule, na mtu wa nyumba namba 504 kama kawaida katia mabaki ya samaki kwenye makaratasi. Siku nyingine ningepanda kumgongea. Leo nimeyatoa kwa mkono wangu kimya kimya, nimemsalimia na mkewe. Kura inafundisha adabu.

Asubuhi nimepokezana zamu na mlinzi mwenzangu, Kaka Guk. Siku moja kazi yake, siku moja yangu, saa moja asubuhi hadi saa moja ya kesho yake. Miaka sita tunakalia kiti kimoja, tunachemshia birika moja, tunavaa koti moja la baridi, maana ofisi ilitoa koti moja kwa kila kibanda. Nikilivaa bado lina joto lake. Na hatujawahi kula pamoja hata mara moja! Tutakulaje? Mmoja akiingia mwingine anatoka. Dakika kumi za makabidhiano, basi.

Nimemwuliza kaliona tangazo. Akasema kaliona, tena limebandikwa limenyooka sana, nani fundi? Nikamwambia mimi. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Tak, mdogo wangu," akasema, "unajua dawa? Tukatae nyongeza. Twende tukamwambie Ban: hatuitaki, utulipe kama mwaka huu."

Ana sabini na tatu. Akitoka hapa hana pa kwenda. Mkewe alishafariki, chumba chake kiko chini ya ardhi nyuma ya soko, anasema kazi ndiyo inayompa dirisha.

Jumanne, 5 Desemba

Tumekwenda ofisini baada ya makabidhiano, wawili pamoja. Nilijiona kichaa. Watu wazima tumevua kofia tunaomba tusiongezwe mshahara!

Mkuu Ban kasema haiwezekani, sheria ni sheria. Halafu akafungua droo. Lakini kuna njia, wazee wangu. Mshahara ni kwa saa za kazi. Saa za mapumziko hazilipwi. Mkikubali kupumzika saa tatu zaidi kwa siku, hesabu inapungua, na wakazi watawaonea huruma kwenye kura.

Tukasaini. Kaka Guk akauliza tutapumzikia wapi. Kibandani, akajibu. Na mtu akigonga? Ban akakuna shingo. "Basi, Bwana Guk, mpumzike huku mkiangalia angalia."

Nimeanza leo leo. Saa sita mpaka saa tisa mchana nimegeuza kibao dirishani: MLINZI YUKO MAPUMZIKONI. Saa sita na dakika nne mama wa 702 kagonga kioo. Najua unapumzika, mjomba, lakini kifurushi changu kina barafu. Saa sita na nusu, kijana anataka gari lisukumwe. Saa saba, theluji – nani atafagia, kibao? Nimepumzika kweli kweli. Nimechoka kwa kupumzika.

Alhamisi, 7 Desemba

Nilidhani nimeshaona yote.

Karatasi za kura tunazizungusha sisi! Nyumba mia moja na kumi na mbili za jengo letu, mlango kwa mlango, mimi siku zangu na Kaka Guk siku zake. Mkazi anaweka tiki, anagonga muhuri wake wa jina badala ya saini, anatia kwenye bahasha. Ndiyo desturi ya hapa, kila kura ya majengo wanazungusha walinzi. Rangi ya ukuta, tulizungusha. Mti wa mbele ukatwe au usikatwe, tulizungusha. Sasa na sisi tuko kwenye foleni ya ule mti.

Ban katuonya: msiseme neno. Kupiga debe ni marufuku. Nikamwuliza, na nikikunja uso? Hakucheka.

Ule mti ulikatwa.

Jumamosi, 9 Desemba

Milango thelathini na moja leo. Miguu inawaka.

Baba kijana wa 301 kanishika bega. Mjomba, sisi tuko nanyi. Akaandika huku kafunika karatasi kwa mkono mwingine. Mtu aliye nami anafunika nini?

Msichana wa 608 kauliza kama akitaka pizza ya usiku nani atamfungulia anayeileta. Nikampa kalamu, maana kupiga debe ni marufuku.

Kisha 1103. Bibi Yeom. Ana themanini na sita na haoni herufi tena. Mimi ndiye ninayempandishia mchele, mimi ndiye ninayembadilishia balbu. Akanikalisha juu ya sakafu inayopashwa moto kwa chini, akaniambia nimsomee. Nikamsomea yote, sauti moja, kama mtangazaji wa hali ya hewa. Akauliza elfu sita ni kila mwezi? Kila mwezi, bibi.

"Mwanangu, mimi nakula hela ya uzeeni. Elfu sita ni trei ya mayai." Kisha, "Niwekee hapo pa kupunguza."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Haoni! Ningeweka tiki popote, angegonga muhuri na kunishukuru. Nikaweka alipotaka. Nikamshika kidole nikakipitisha juu ya kisanduku ili ajue. Akagonga muhuri. Halafu akanipa kiazi kitamu cha kuchoma, cha moto, akasema usininunie.

Nimekila ngazini. Kilikuwa kitamu, hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumapili, 10 Desemba

Asubuhi nimemsimulia Kaka Guk habari ya Bibi Yeom wakati wa makabidhiano. Akapiga paja. "Mjinga wewe! Mimi ningeweka tiki mbili upande wetu na ya tatu kwa niaba ya paka wake!" Halafu akanitazama. Akasema mimi ni mjinga wa kuaminika, na ndiyo maana yeye akitoka hapa analala usingizi.

Nilitembea kwenda nyumbani kifua mbele.

Jumatano, 13 Desemba

Baridi kali. Mabomba yamelia usiku kucha – nilifanya kazi miaka thelathini kiwanda cha piano, kila kinacholia nakisikia hata nisipopenda. Lifti ya kushoto imeshuka sauti, mkanda unachakaa. Nimeiandikia ofisi. Kama nitakuwepo ukikatika, sijui.

Ijumaa, 15 Desemba

Matokeo ya jengo letu. Kupunguza sitini na nne. Kubaki thelathini na tano. Wengine hawakurudisha.

Baba wa 301 kapita na mtoto, kanipungia mkono, kageuka haraka upande wa pili. Bibi Yeom peke yake ndiye aliyepiga simu kibandani kuuliza matokeo. Nikamwambia. Akasema lo, kumbe wengi. Akaniuliza kama nimevaa soksi mbili.

Mwenye roho safi ni aliyenipigia kura ya kuniondoa. Dunia hii.

Jumapili, 17 Desemba

Watabaki wawili: mmoja wa jengo la kwanza, mmoja wa letu. Ban atachagua kabla ya mwaka kwisha, kwa afya na utendaji. Kwa hiyo ni Kaka Guk au mimi. Hilo tu.

Tumepokezana kama kawaida. Birika limejaa, taa ya ngazi ya pili inakonyeza, 904 wamehama. Hakuna aliyetaja lile jambo. Aliniachia figili za siki kwenye bakuli lenye kifuniko cha sahani. Sikuzigusa mpaka jioni.

Jumanne, 19 Desemba

Situlii. Nikikaa nasimama. Nimefagia mahali ambapo hapana theluji.

Najikuta nahesabu. Yeye sabini na tatu, mimi sitini na tisa – hiyo kwangu. Yeye hajawahi kuchelewa, mimi nilichelewa mara mbili Mama Hye-rim alipovunjika nyonga – hiyo kwake. Wakazi wanampenda zaidi, anajua majina ya watoto wote. Mimi najua kutengeneza vitu. Aibu! Ninampima mtu kama gunia.

Lakini yeye je, hanipimi?

Alhamisi, 21 Desemba

Niandike upesi kabla sijaanza kujitetea.

Kaka Guk hasikii sauti nyembamba. Ni miaka mitatu sasa. Mazungumzo anasikia, mlango anasikia, ila simu ya ukutani, ile ambayo wakazi wanapigia kutoka majumbani, inalia kama kifaranga, haimfikii. Zamani alikosa simu mbili tatu, mkazi mmoja akaja juu. Mimi ndiye niliyegundua, kwa masikio ya kiwandani. Nikachukua kopo la maziwa ya unga la mjukuu wangu, nikatia maharage mekundu kumi, nikalifunga chini ya simu kwa waya. Simu ikilia inatetemeka, na kopo linanguruma. Sauti nene! Anaisikia hata akiwa nje na fagio. Hajakosa simu hata moja tangu siku ile. Hakuna aliyejua ila sisi wawili.

Leo Ban kaja kukagua kibanda. Kaangalia daftari, kaangalia kizima moto. Akaona kopo. La nini hili?

Nikasema la maharage.

Mbona limefungwa kwenye simu?

Nikashika fagio. Akaketi kwenye kiti chetu. Alisema kwa upole kabisa, afadhali angefoka: "Bwana Tak, mimi sina ugomvi na mtu. Natafuta sababu moja tu ya kuandika kwenye fomu. Moja tu."

Nikamwambia.

Niseme ulimi uliteleza? Haukuteleza. Nilijua ninachosema, neno kwa neno. Hata habari ya kukosa simu zamani nimemwambia, bila kuulizwa! Akalifungua kopo kwenye waya, akalitikisa sikioni, akaondoka nalo. Nimelisikia likienda, chaka chaka, mpaka mlango wa ofisi ulipofungwa.

Ijumaa, 22 Desemba

Asubuhi Kaka Guk kavua kofia tu, macho yakaenda ukutani. Tak, kopo liko wapi?

Sijui, nikasema. Labda wasafishaji.

Akainama akatazama chini ya meza. Chini ya kiti. Akasema nani aibe kopo la maharage kumi, labda panya mwenye mtoto mchanga. Akacheka. Mimi nilikuwa namkabidhi koti. Mkono ulinasa kwenye mkono wa koti, nikahangaika kuuchomoa, akanisaidia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo yenyewe tunavaa moja.

Jumamosi, 23 Desemba

Kasema jana kutwa nzima alikaa ameweka kiganja juu ya simu ili aisikie ikitetemeka. Hakuthubutu kwenda chooni. Lakini hajakosa hata moja! Alisema kwa fahari, kama mtoto aliyetoka kwenye mtihani.

Kwa nini sikutengeneza jingine? Makopo yamejaa kwenye taka za kila Jumapili. Nimelishika moja leo. Nimelirudisha.

Jumatano, 27 Desemba

Ban kaniita. Nimebaki mimi. Nisaini hapa na hapa.

Nikasaini.

Na Bwana Guk? nikauliza, kama vile sijui. Akaanza kupanga kalamu zake. Akasema mkataba unaisha tarehe thelathini na moja wenyewe, si kumfukuza mtu, ni kuisha tu. Karatasi yake ya kumaliza kazi iko tayari. Ila... "Mwambie wewe, Bwana Tak. Mmezoeana. Akisikia kutoka kwako hataumia sana."

Nilimwambia hiyo kazi si yangu. Akasema hata kuzungusha kura haikuwa kazi yangu, na niliifanya vizuri, akanitia mkononi ile karatasi ndani ya bahasha nyeupe.

Nyumbani kesho Mama Hye-rim ataniuliza. Nitamwambia nini kwanza?

Alhamisi, 28 Desemba

Makabidhiano. Kaka Guk: Ban bado hajasema? Mimi: bado.

Neno dogo namna hii! Limetoka lenyewe.

Mama Hye-rim kanifungulia mlango, nikamwambia nimebaki. Akakaa chini palepale kwenye viatu, akasema ashukuriwe aliyepanga. Kisha akainua kichwa. "Na kaka yako Guk je, Baba Hye-rim?" Nikaenda kuosha miguu. Nimeiosha mpaka maji yakapoa.

Kufa kufaana, wanasema watu kwa wepesi. Wasiseme mbele yangu.

Ijumaa, 29 Desemba

Bado hajasema? Bado.

Kasema kimya cha Ban ni dalili njema, angetaka kumfukuza mmoja wetu angeshafanya, huenda wakazi wameona haya. Halafu kasema hivi, na naandika alivyosema, kwa sababu usingizi umenikataa: "Lakini akikuchagua wewe, Tak, usione vibaya. Wewe una mke. Mimi nina dirisha tu."

Nilifungua mdomo. Ningesema. Lori la vifurushi likapiga honi, naye ndiye aliyetoka kulielekeza, ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha.

Jumamosi, 30 Desemba

Bado? Bado.

Nimerudi nyumbani nikitembea, vituo vinne vya basi. Ban simu yake haipokelewi, amekwenda kwao kula mwaka mpya. Karatasi ya Kaka Guk iko mfukoni mwangu ndani ya bahasha. Kesho zamu yangu. Keshokutwa saa moja asubuhi atakuja na kofia yake, na kiti hakitakuwa chake. Lazima niseme. Kesho saa moja, akinikabidhi. Nitasema kabla hajauliza.

Jumapili, 31 Desemba

Saa moja na nusu. Sikusema. Hakuuliza leo! Alinikabidhi koti, akanipiga bega, akasema tutaonana baadaye. Nikabaki na sentensi yangu mdomoni. Nilikuwa nimeipanga njia nzima.

Saa sita na dakika kumi mchana. Kibao nimekigeuza, niko mapumzikoni. Bahasha iko juu ya meza. Nimefagia, nimetenganisha taka, nimembadilishia Bibi Yeom balbu ambayo haijaungua. Ananiuliza nina nini. Sina kitu, bibi.

Kuna mtu anagonga kioo kwa kijiko.

Saa saba kasorobo. Naandika nimesimama, ukumbi wa chini wa jengo, daftari juu ya masanduku ya barua.

Ni Kaka Guk. Siku yake ya kupumzika! Kavaa suti, kabeba sufuria limefungwa kwa taulo, vijiko viwili mfukoni. Supu ya keki za mchele, ya mwaka mpya, kaipika mwenyewe. Akasema miaka sita, Tak, hatujala pamoja. Leo sheria yenyewe inasema unapumzika, nani atatukataza? Awaye yote atakayeondoka kesho, leo tunakula.

Nilisukuma bahasha chini ya daftari la vifurushi. Akamimina bakuli mbili. Zimejaa, mvuke umeziba kioo chote.

Halafu kabla sijashika kijiko akatoa mfuko. Kopo. La maziwa ya unga, jipya, limeoshwa, karatasi imebanduliwa. Katia maharage, kahesabu kumi. Na waya. Kopo haliondoki lenyewe, alisema, lakini lililoondoka liondoke. Hakunitazama aliposema. Au alinitazama, mvuke ulikuwa mwingi. Akapiga magoti na suti yake akalifunga chini ya simu, hajui kufunga, kalifunga vibaya, nikamwacha. Akasema kama ni yeye atakayebaki, kopo lipo. Kama ni mimi, nitie kalamu humo.

Nikasema kaka. Akasema ngoja, kwanza tujaribu! Nenda ukumbini ubonyeze kitufe cha simu ya kumwita mlinzi, mimi nikupe mgongo, nikisikia nitainua mkono.

Nimekuja. Namwona kutoka hapa. Kafuta duara kwenye mvuke wa kioo ili nimwone. Amekaa kwenye kiti, amenipa mgongo, masikio mekundu kwa baridi. Bakuli mbili ziko mezani. Amesogeza daftari la vifurushi ili kuzipa nafasi. Ameshika kitu cheupe, bahasha.

Kidole changu kiko kwenye kitufe. Nimebonyeza. Nasikia hapa, kwa mbali, simu ikilia kama kifaranga – na kopo halingurumi, waya umelegea. Nimebonyeza tena.

Ameinua mkono.